Kugawana Si Kutenganisha: Dini na Serikali Nchini Uganda



Ibara ya 7 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema jambo moja tu: Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Hakuna kifungu kidogo kinachofuata wala maelezo ya namna ya kuitekeleza. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, ya 29 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa kuabudu, na ya 71 inavizuia vyama vya siasa kuandikisha wanachama kwa msingi wa dini. Ukizisoma pamoja utadhani suala limekwisha. Halijakwisha. Hoja yangu leo ni kwamba nchi hii haijawahi kutenganisha dini na serikali. Tulichokifanya tangu mwaka 1892 ni kuigawa serikali baina ya dini kubwa, na mgawo huo tumeuzoea hata tukauona ndio uadilifu wenyewe. Lakini kugawana si kutenganisha, na wa kwanza kuumizwa na mgawo huo ni waumini.

Nalisisitiza hilo la waumini kwa sababu hapa Kampala mjadala huu huanzia pasipo pake. Mtu akitaja serikali isiyo na dini, hudhaniwa anataka kufunga makanisa na misikiti. Wapo kweli raia wenzetu wasioamini, na wana haki ya kusikilizwa: chama cha wanahumanisti wa Uganda kilianzishwa miaka ya 1990, na huko Kasese wenzao wanaendesha shule tangu mwaka 2011, shule inayofundisha sayansi bila kumlazimisha mtoto sala yoyote. Hata hivyo ni wachache mno. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana asilimia 32, Waislamu asilimia 13.7 na Walokole asilimia 11.1, waliosema hawana dini hawakufika hata asilimia moja. Kama kutenganisha dini na serikali kungekuwa ni haja ya wasioamini peke yao, ningekubali kwamba ni haja ndogo. Ila historia yetu inasema vingine, na hapo ndipo penye ushahidi wangu.

Uislamu ulifika katika ikulu ya Buganda mwaka 1844, enzi za mfalme wake, Kabaka Suuna. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Juni 1877 na Mapadri Weupe wa Kikatoliki Februari 1879, wote wakampata Mutesa, mfalme aliyejua kuwachezesha wageni wake. Wanafunzi wa dini hizo walikuwa vijana wa ikulu, watoto wa machifu, watu ambao maisha yao yote yalikuwa ni kutafuta cheo. Kwa hiyo tangu mwanzo dini ikaungana na cheo. Mwanga, mwana wa Mutesa, aliwaua wengi wao kati ya 1885 na 1887, na Namugongo ndiko tunakowakumbuka kila tarehe 3 Juni. Mwaka 1888 waliobaki, Waislamu na Wakristo pamoja, walimng'oa katika kiti. Muungano wao haukudumu hata miezi miwili. Waislamu waliwafukuza Wakristo na punde wakamtawaza Kalema. Wakristo nao wakakusanya nguvu, wakarudi na kumrejesha Mwanga yule yule aliyewaua ndugu zao. Baada ya hapo Wakristo wakagawanyika, na majina ya kambi zao yanafaa kukumbukwa: Waprotestanti waliitwa Waingereza na Wakatoliki waliitwa Wafaransa, ingawa wote walikuwa Baganda. Imani ya mtu ilikuwa imeshageuka utaifa.

Januari 24, 1892, kambi hizo zilipigana Mengo, makao ya Kabaka. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alikuwa na ngome yake kwenye kilima cha Kampala, kile tunachokiita leo Old Kampala, pamoja na bunduki ya Maxim. Alikuwa amewagawia Waprotestanti silaha, na vita vilipowaka Maxim ikafyatuliwa kuwasaidia. Misheni ya Wakatoliki pale Rubaga ikateketea. Kutoka Namirembe, kilima cha Waanglikana, hadi Rubaga mtu hutembea kwa muda mfupi tu. Anayesimama juu ya kilima kimoja anauona mnara wa kilima cha pili. Watu waliouana siku ile walikuwa wameoleana na kusoma pamoja ikulu. Amani iliyofuata haikusema dini isiwe tena kigezo cha utawala. Ilisema kila dini ipewe eneo lake. Wakatoliki walipewa Buddu, Waislamu wakaachiwa sehemu ndogo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ikawa ya Waprotestanti. Chifu aliyebadili dini alihatarisha cheo chake, na mkulima aliyekuwa na dini tofauti na ya chifu wake mara nyingi alilazimika kuhama.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliupa mgawo huo muhuri wa sheria. Misheni zilipewa maili 92 za mraba za ardhi. Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alipewa maili 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Miongoni mwa wakuu watatu waliotawala kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto, Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri walikuwa Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya alikuwa Mkatoliki. Cheo cha Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, kikawa kama urithi wa Waprotestanti. Mwaka 1955 Mkatoliki Matayo Mugwanya alipokigombea na kukikosa, Wakatoliki wengi waliona mlango umefungwa makusudi, na manung'uniko hayo yakawa mbolea ya chama cha Democratic Party, DP. Kabla nchi haijapata uhuru mwaka 1962, wapinzani walikuwa wameshakipa chama hicho jina la Kiswahili, "Dini ya Papa", na UPC, chama cha Milton Obote, kikahesabiwa chama cha Waprotestanti. Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa mwanasheria makini mwenye sera za kitaifa. Wapiga kura wengi hawakuziuliza sera zake. Waliuliza anasali wapi.

Mtu atasema: hayo yalikuwa makosa ya kuipendelea dini moja, tukigawana sawasawa hakuna atakayelalamika. Hapo ndipo naomba tuangalie yaliyowapata Waislamu, kwa maana mfano wao unaonyesha kwamba anayependelewa naye hulipa. Mwaka 1965 serikali ya waziri mkuu Obote iliunga mkono chama cha Waislamu cha NAAM, kilichoongozwa na Adoko Nekyon, ili kupunguza nguvu za Badru Kakungulu, mwanamfalme wa Buganda na kiongozi wa Waislamu wa Kibuli. Yaani serikali iliingia msikitini kwa sababu za siasa za Buganda, na Waislamu wakatoka wamegawanyika. Rais Idi Amin akaja na dawa yake: mwaka 1972 Baraza Kuu la Waislamu, UMSC, liliundwa kwa msukumo wake, na mwaka 1974 akaiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Kwa macho ya watu wengi Uislamu ukawa dini ya serikali. Amin alipoanguka mwaka 1979, Waislamu wa Bushenyi, wakulima na wachuuzi ambao hawakuwahi kukanyaga ikulu, waliuawa kwa kisasi na miili ya baadhi yao ikatupwa katika mto Rwizi. Baraza lenyewe halikutulia: mwaka 2009 Kibuli walimtawaza mufti wao dhidi ya yule wa makao ya Baraza, Old Kampala. Chombo kilichozaliwa na mkono wa serikali kimekuwa kikigombaniwa kila mara kwa sababu anayekishika anajulikana ikulu.

Na chini ya utawala huo huo wa Amin Wakristo walijifunza upande wa pili wa somo. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku makundi ya dini zaidi ya ishirini na kuacha machache tu: Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu. Walokole na Wasabato wakawa wanasali kwa kificho. Serikali inayoweza kusema dini hizi zinatambuliwa imejipa tayari uwezo wa kusema zile hazitambuliwi. Mwezi Februari mwaka huo huo maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Amin barua ya kulaani mauaji, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake. Ni haki yake. Ila tukumbuke ni nini kilichompa Luwum uwezo wa kusema: kanisa lake wakati ule halikuwa na deni lolote kwa mtu aliyekuwa akimkemea.

Basi tuangalie kanisa la leo. Tumezoea kwamba askofu anapowekwa wakfu, Rais au mjumbe wake hufika, hupewa nafasi ya kuhutubia umati, na mara nyingi hutangazwa zawadi ya gari kwa askofu mpya. Dini nyingine nazo, zikiona hivyo, hudai sehemu yao. Bajeti ya Ikulu ina fungu la misaada, fedha za walipa kodi wa kila dini na wasio na dini, ambazo hutolewa kwa jina la mtu mmoja. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na serikali yetu inalijua hilo kuliko maprofesa wote wa siasa. Sisemi kwamba kila askofu aliyepokea gari amenunuliwa. Wapo waliopokea na bado wakasema kweli, na marehemu Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga hakuwa mtu wa kunyamaza. Nasema kwamba mfumo unaowafanya wachungaji wahitaji ujasiri wa pekee ili wasiwe wanyonge ni mfumo mbaya. Na angalia ni nani hayumo katika karamu hiyo: mwenye dini ya jadi, mchungaji wa kanisa dogo la mabati kule Bwaise, Mbahá'í ambaye hekalu lake limesimama Kikaaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila kudai chochote. Mgawo una meza, na meza ina viti vinavyohesabika.

Madhara makubwa zaidi hayako kwenye magari. Yako kwenye sheria ya familia, na hapo yanamfikia mtu ambaye hana habari na askofu wala mufti. Ndoa za Uganda zinaongozwa na sheria tofauti kwa kadiri ya dini: sheria ya ndoa ya mwaka 1904 ambayo Wakristo huitumia, ya Waislamu ya mwaka 1906, ya Wahindu ya mwaka 1961, na ya kimila ya mwaka 1973. Padri anapofungisha ndoa chini ya ile ya 1904, lazima kanisa liwe na leseni, milango iwe wazi na mashahidi wawepo; kwa dakika hizo yeye ni mtumishi wa serikali aliyevaa kanzu. Halafu ndoa ikiharibika? Sheria ya talaka ya mwaka 1904 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi tu, lakini mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa. Kwa miaka mia moja mwanamke wa Uganda alihukumiwa kwa fikra za Uingereza ya Malkia Victoria, huku tukiambiwa ndiyo maadili yetu ya Kikristo. Ilibidi FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kiende Mahakama ya Katiba, na mwaka 2004 vifungu hivyo vikabatilishwa. Bunge halikuthubutu kufanya kazi hiyo. Muswada wa Mahusiano ya Kifamilia wa mwaka 2003 ulikwama baada ya upinzani, yakiwemo maandamano ya Waislamu hapa Kampala mwaka 2005. Muswada wa ndoa na talaka uliofuata ukawekwa kando mwaka 2013, viongozi wa dini mbalimbali wakiwa mstari wa mbele kuupinga. Ibara ya 31 inaahidi usawa wa mume na mke katika ndoa na inapovunjika. Ahadi hiyo inasubiri mezani mpaka dini kubwa zikubaliane, na kwa suala la mwanamke hukubaliana haraka kwamba isitekelezwe.

Hapa ndugu zangu Waislamu watauliza, kwa haki, kama nazipinga mahakama za Kadhi ambazo ibara ya 129 imezitaja kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Sizipingi. Mwislamu anayetaka talaka yake iamuliwe kwa fikihi na mtu anayeijua ana haki ya kutaka hivyo. Swali langu ni kuhusu yule asiyetaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, inasema Kadhi atasikiliza shauri pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zote zimekubali mamlaka yake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba uhuru wote. Mjane wa Kibuli anayeona mgawo wa mirathi hamtendei haki lazima aweze kwenda mahakama ya kawaida bila kuulizwa imani yake imepungua kiasi gani.

Wapo wanaosema fikra hii yote ni ya kigeni, imeletwa na Wazungu walioacha kusali. Historia inakataa. Uingereza iliyotutawala ina kanisa la taifa mpaka leo: mfalme wake ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malordi kwa sababu ya uaskofu wao. Kilicholetwa na meli ni ndoa ya kanisa na dola. Maxim ya Lugard ni shahidi. Wala hatuhitaji kwenda Ufaransa na sheria yake ya mwaka 1905 kutafuta mfano, kwa kuwa jirani yetu alilisema jambo hili kwa lugha tunayoielewa. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, akasimamia kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo. Tanzania haijakosa migogoro, na mjadala wa Mahakama ya Kadhi umeisumbua miaka mingi. Lakini kaulimbiu ya Nyerere haikuwa chuki dhidi ya Mungu.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni la hospitali na shule. Mengo ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1897, Rubaga na Nsambya ni za Wakatoliki, Kibuli ni ya Waislamu. Ukiziondoa hizo, wagonjwa wa Kampala watalala wapi? Serikali huzipa hospitali za aina hiyo ruzuku, na mimi natetea ruzuku hiyo bila kusita. Kununua huduma si kuifadhili dini, mradi masharti yawe wazi na sawa kwa wote: mgonjwa yeyote apokelewe, hesabu zikaguliwe, na kiasi kitolewe kwa idadi ya wagonjwa, si kwa ukubwa wa mnara. Hiyo ni tofauti kabisa na bahasha inayotolewa mbele ya kamera. Kwa shule ni hivyo hivyo. Serikali ilichukua usimamizi wa shule za misheni mwanzoni mwa uhuru, waanzilishi wakabaki na sauti, na mtoto wa Kiislamu katika shule iliyoanzishwa na kanisa lakini inayolipiwa na Hazina hapaswi kulazimishwa kwenda ibadani Jumapili.

Wengine wananikumbusha Kanungu. Machi 17, 2000, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa lao, na miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za viongozi wao. Mwaka 2023 Kenya nayo ikafukua makaburi ya waumini huko Shakahola. Je, serikali isikague dini? Ikague uhalifu. Kufungia watoto, kuwanyima chakula, kuchukua mali kwa hila na kuua ni makosa hata yakifanyika kwenye kilabu cha pombe. Lakini kundi la Kanungu lilikuwa limesajiliwa kihalali na lilikuwa na cheti. Kilichokosekana ni polisi wa kuchukua hatua kwa malalamiko ya majirani. Pendekezo la ofisi ya Maadili na Uadilifu miaka michache iliyopita, la kutaka wachungaji wawe na elimu ya theolojia inayotambuliwa, lingetufanya tuamini cheti kwa mara nyingine, na lingezipa dini kongwe zenye vyuo nguvu juu ya changa zisizo navyo. Amin naye alikuwa na orodha yake ya dini zinazotambuliwa.

Wimbo wetu wa taifa unamwomba Mungu aitegemeze nchi, na kaulimbiu yetu inamtaja Mungu kabla ya nchi. Sioni haja ya kuyafuta hayo, na yeyote anayetumia nguvu zake huko anawapa wapinzani zawadi. Kipimo ni pale ambapo raia anakutana na mamlaka: mahakamani, shuleni, kwenye ajira, kwenye Hazina. Wanafunzi Wasabato wa Makerere walikwenda mahakamani kwa sababu mitihani ilipangwa Jumamosi. Wakashindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003 na katika Mahakama ya Juu mwaka 2006, majaji wakikubali kwamba chuo kilikuwa na sababu za kiutawala. Jumapili ni siku ya mapumziko kwa wote, bila kesi yoyote. Hiyo ndiyo maana ya mgawo kwa mtu aliyezaliwa nje ya dini kubwa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge waitungie ibara ya 7 sheria ya utekelezaji, inayokataza fedha za umma kumfikia kiongozi wa dini kama zawadi, na inayotaka kila ruzuku ya huduma ichapishwe. Nawaomba warudishe muswada wa sheria moja ya ndoa itakayolinda haki za msingi za mume na mke, na juu yake kila dini iongeze taratibu zake kwa hiari ya wahusika. Na nawaomba maaskofu, mamufti na wachungaji wasisubiri Bunge. Hakuna sheria inayowalazimisha kupokea gari.